Nani anamfungia mumeo tai?

Wapo wanaume wenye digrii, gari na kiwanja Kigamboni ambao hawajui kufunga tai. Hawasemi, na sisi hatuulizi. Mwezi huu tunafundishana mafundo manne, na nakusimulia jinsi tai moja ilivyonipa somo ndani ya ndoa yangu.

Msomaji wangu, hebu nenda kaangalie nyuma ya mlango wa chumbani kwenu. Kama mwenzio anafanya kazi za ofisini, huenda ukakuta msumari, na kwenye msumari inaning'inia tai. Iangalie vizuri. Imefunguliwa na kunyooka, au bado ina fundo lake na kitanzi cha kupitishia kichwa?

Kama ina fundo, usicheke. Mimi nilicheka, na kicheko kile kilinigharimu.

Tai ya mume wangu ni ya rangi ya damu ya mzee. Ilifungwa siku ya harusi yetu na kijana wa duka tulikokodi suti, na kwa miaka minne hakuna mtu aliyeifungua. Siku ya kikao aliivaa kama mkufu, akavuta mkia mmoja, akaondoka. Jioni aliilegeza, akaitoa kichwani, ikarudi msumarini. Fundo lilishakuwa gumu kama kokwa la embe, na lilianza kung'aa kwa jasho la Dar es Salaam.

Sasa nikaalikwa kwenye kitchen party ya rafiki yangu. Wenzangu walitoa nasaha zao, ikafika zamu yangu, na mimi nikataka watu wacheke. Nikasema, "Mwali, jua kabisa unaolewa na mtoto mkubwa. Mimi wangu ana mwaka wa nne anavaa tai iliyofungwa na muuza duka!" Ukumbi ukalipuka. Vigelegele. Nikarudi kukaa nimefurahi, nikachukua soda yangu.

Miongoni mwa waliocheka alikuwepo mke wa mfanyakazi mwenzake. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Wiki kadhaa baadaye, Jumapili moja nikiwa napanga nguo, nikaiona ile tai imechafuka. Nikajisemea, leo nimfanyie mwenzangu jambo jema. Nikahangaika na lile fundo karibu robo saa mpaka likaachia. Nikaipangusa, nikaitundika bafuni ipate mvuke, ikanyooka ikapendeza. Nikairudisha msumarini.

Jumatatu yake alikuwa na usaili wa kupandishwa cheo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikasikia kimya chumbani. Nikaingia. Amesimama mbele ya kioo, shati jeupe, ameshika ile tai kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nyoka.

"Nani kaifungua hii?"

"Mimi. Ilikuwa chafu. Njoo nikufungie."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Ili upate cha kusimulia?"

Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka. Nikabaki pale na mikono yangu.

Nilichokuja kukijua, nilikijua wiki mbili baadaye, na si kutoka kwake. Nilikutana na mama jirani gengeni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mumeo hajambo? Ile kazi alipata?" Nikashangaa amejuaje. Ndipo akanisimulia kwamba asubuhi ile mume wangu aligonga mlango wao kabla ya saa kumi na mbili. Mzee, ambaye ni karani mstaafu wa bandarini, alifungua akiwa na msuli wake. Akaichukua tai, akaivaa shingoni mwake mwenyewe, akaifunga, akailegeza, akaitoa na kumvisha mume wangu kama mtu anayemvisha mwanawe. Kisha akamwambia, "Jumamosi njoo, nikufundishe uache kusumbuka."

Mwanaume wangu alikwenda kumgongea jirani alfajiri kuliko kuniachia mimi nimshike shingo. Nilirudi nyumbani sikununua hata nyanya.

Tulizungumza usiku ule. Nilimwomba radhi. Naye akaniambia jambo ambalo katika miaka minne sikuwahi kuuliza. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Mjomba aliyemlea alikuwa mvuvi. Shule alizosoma hazikuwa na tai kwenye sare. "Sasa ungetaka nani anifundishe?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kweli.

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika makala hii.

KWANI TAI NI YA NANI?

Tusidanganyane, hakuna mwanaume anayezaliwa anajua kufunga tai. Ni ujuzi wa kufundishwa, kama kupika pilau au kuendesha gari. Kitambaa chenyewe hakikuanzia hata kwa hao Waingereza tunaowasingizia. Katika karne ya 17, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (1618 hadi 1648), wanajeshi wa kukodiwa kutoka Kroatia walifika Ufaransa wamejifunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakavipenda, na neno lao la tai, cravate, linatokana na jina la watu hao. Wakroatia hawajasahau. Mwaka 2003 waliuzungushia ukumbi wa kale wa Kirumi ulioko mji wa Pula tai nyekundu yenye urefu wa mita 808!

Tai hii ndefu tunayoijua leo ilikaa sawa miaka ya 1920, pale fundi cherehani wa New York aitwaye Jesse Langsdorf alipoanza kukata kitambaa kwa mshazari na kuunganisha vipande vitatu. Kabla ya hapo tai zilipinda na kuchakaa haraka. Ukiona tai yako inarudi kunyooka baada ya kufunguliwa, mshukuru yeye.

Huku kwetu tai imekuwa na siasa zake. Mwalimu Nyerere na viongozi wengi wa wakati wake walipenda suti zisizohitaji tai, zile ambazo wengi waliziita suti za Kaunda. Pale Zaire, Mobutu alikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1970 alipiga marufuku suti na tai za Kizungu, wanaume wakavaa abacost, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti". Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile aliyotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, akatangaza pia kwamba tai sasa ruksa. Fikiria kijana wa Lubumbashi wa siku ile. Amekua mpaka kuwa mtu mzima bila kumwona baba yake akifunga tai. Naye angefundishwa na nani?

Kenya mambo yaligeuka upande wa pili. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alikataza suti za Kaunda bungeni, akataka wabunge wanaume wavae koti, shati la kola na tai. Kwa hiyo mjadala bado upo. Ni kweli ofisi nyingi siku hizi zimelegeza. Lakini benki, hoteli kubwa, harusi, mahafali na usaili bado vinaidai tai. Na siku ikidaiwa, huwa hakuna muda wa kujifunza.

KABLA HUJAANZA

Simama mbele ya kioo. Funga kishikizo cha juu kabisa cha shati, inua kola, ning'iniza tai shingoni. Tai ina mikia miwili, mpana na mwembamba. Mkia mpana uwe mkono wako wa kulia, mwembamba kushoto. Ukitumia mkono wa kushoto, geuza maelekezo yote, hakuna dhambi.

Mkia mpana unatakiwa uwe chini zaidi, maana ndio unaofanya kazi yote. Mwembamba umesimama tu, unazungukwa. Kwa mtu wa kimo cha wastani, mpana uuzidi mwembamba kwa takriban sentimita 30 kwa fundo dogo, na zaidi ya hapo kwa fundo kubwa. Ukimaliza, ncha ya mkia mpana iguse bakoli la mkanda. Ikiishia juu ya kitovu umekuwa mwanafunzi, ikishuka chini ya zipu umekuwa kichekesho. Usikate tamaa, fungua uanze upya. Mume wangu siku ya kwanza alianza upya mara tisa.

FUNDO LA KWANZA: LA KILA SIKU

Hili ndilo dogo na rahisi kuliko mengine ya leo. Waingereza wanaliita four-in-hand, jina linalohusishwa na magari ya kukokotwa na farasi wanne. Ndilo wengi waliosoma shule zenye tai walilojifunza bila kujua jina lake, mimi nikiwemo.

1. Pitisha mkia mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto.
2. Uzungushe nyuma ya mwembamba urudi kulia.
3. Upitishe tena mbele kwenda kushoto.
4. Uingize kwa chini, uupandishe kupitia kitanzi cha shingoni.
5. Ushushe mbele, uupitishe ndani ya ile pete uliyoitengeneza hatua ya tatu.
6. Shika mkia mwembamba, sukuma fundo taratibu mpaka kwenye kola.

Fundo hili halikai sawasawa pande zote, linainama kidogo upande mmoja. Usihangaike kulinyoosha, ndivyo lilivyo na ndio uzuri wake. Linafaa kola nyembamba, tai nzito na shingo fupi.

FUNDO LA PILI: NUSU WINDSOR

Hili ndilo la mzee wetu wa bandarini. Linatoa pembetatu nzuri ya wastani, na kama unataka kujua fundo moja tu la ofisini na harusini, jifunze hili.

1. Mkia mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto.
2. Nyuma ya mwembamba kurudi kulia.
3. Sasa upandishe kwa mbele, uuingize kwenye kitanzi cha shingoni kutokea juu, utokee chini upande wa kushoto. Vuta ukaze.
4. Upitishe mbele ya fundo kutoka kushoto kwenda kulia.
5. Uingize kwa chini, upande kupitia kitanzi cha shingoni.
6. Ushushe ndani ya pete ya mbele. Kaza.

Mahali watu wanapopotea ni hatua ya tatu. Wanaingiza mkia kwa chini badala ya kwa juu. Mzee alimpa mume wangu neno la kukumbuka: "Mara ya kwanza ingia kama mgeni, kwa mlango wa mbele. Mara ya mwisho toka kama mwenyeji, kwa mlango wa uani." Mpaka leo namsikia akinong'ona mbele ya kioo, mgeni, mwenyeji.

FUNDO LA TATU: WINDSOR KAMILI

Hapa pana kisa cha mapenzi. Mfalme Edward VIII wa Uingereza aliachia kiti cha ufalme mwaka 1936 ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuolewa mara mbili. Akapewa cheo cha Duke wa Windsor, na fundo hili kubwa likachukua jina lake. Cha kuchekesha, mwenyewe hakuwa akilifunga. Alifunga lile dogo la kwanza, ila tai zake zilishonwa na kitambaa kinene kwa ndani, fundo likaonekana limejaa. Watu wakahangaika kumwiga, mpaka wakapata fundo jipya.

1. Mkia mpana, ulioshushwa zaidi kuliko kawaida, upite juu ya mwembamba kwenda kushoto.
2. Uingize kwa chini, upande kupitia kitanzi cha shingoni, uangukie mbele.
3. Upeleke kulia, kisha nyuma ya fundo mpaka utokee kushoto.
4. Upandishe kwa mbele, uuingize kwenye kitanzi kutokea juu, utokee kulia.
5. Upitishe mbele ya fundo kwenda kushoto.
6. Uingize kwa chini, upande kupitia kitanzi cha shingoni.
7. Ushushe ndani ya pete ya mbele. Kaza taratibu, kwanza chini kisha juu.

Hili ni la bwana harusi, la kola iliyofunguka pande mbili, na la tai nyepesi ya hariri. Kwenye tai nene na kola nyembamba litakaa kama goita, samahani lakini ndio ukweli. Na kama mwenzio ni mrefu, tai ya kawaida, ambayo huwa na urefu wa karibu sentimita 145 hadi 150, inaweza kumwishia juu ya tumbo.

FUNDO LA NNE: LA MZEE PRATT

Nimelipenda kwa sababu ya historia yake. Mmarekani Jerry Pratt, akiwa mzee kabisa, alimfundisha fundo lake mtangazaji wa televisheni wa Minneapolis aitwaye Don Shelby. Watu wakaona tai ya mtangazaji inapendeza, wakauliza, na mwaka 1989 gazeti la New York Times likaiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Unaona? Hata huko, alihitajika mzee mmoja mwenye subira.

Ujanja wake ni kwamba tai inaanza ikiwa imegeuzwa, mshono unatazama nje.

1. Mshono nje, pitisha mkia mpana chini ya mwembamba kwenda kushoto.
2. Upandishe kwa mbele, uuingize kwenye kitanzi cha shingoni kutokea juu, utokee chini kushoto. Kaza.
3. Upitishe mbele kutoka kushoto kwenda kulia. Hapa sura nzuri ya tai inaonekana.
4. Uingize kwa chini, upande kupitia kitanzi cha shingoni.
5. Ushushe ndani ya pete ya mbele. Kaza.

Linakaa sawa pande zote kama nusu Windsor, lakini linakula kitambaa kidogo. Wanaume warefu na wenye vitambi, hili ni lenu.

Na usifikiri tumemaliza. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walipiga hesabu kwenye jarida la Nature wakaonyesha kuna njia 85 za kufunga tai ya kawaida. Mwaka 2015 wanahisabati wengine wakalegeza masharti ya hesabu hiyo, wakafikisha mafundo 266,682. Wewe anza na moja.

MAMBO MADOGO YANAYOONEKANA

Kibonyeo. Kabla ya kukaza fundo, bonyeza kidole cha shahada katikati ya kitambaa chini ya fundo, kaza huku umebana pande mbili kwa kidole gumba na cha kati. Patabaki kishimo kidogo. Kishimo hicho ndicho kinachomtofautisha aliyefunga na aliyefungiwa.

Usijinyonge. Watafiti wa Kiel, Ujerumani, walitoa mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana 30, nusu yao wamefunga tai ya Windsor na kuikaza. Kwa waliovaa tai, mtiririko wa damu ubongoni ulipungua kwa asilimia 7.5. Kwa mtu mwenye afya si jambo la kuogopesha, lakini joto la pwani unalijua. Kidole kimoja kipite kati ya kola na shingo. Kisipopita, tatizo si tai, shati lako limekuwa dogo.

Ifungue kila jioni. Fundo lililoachwa miezi linavunja nyuzi za ndani. Usivute mkia mwembamba uchomoke kwa nguvu, rudi ulikotoka hatua kwa hatua. Kisha izungushe kama mkeka uiache usiku mmoja, au itundike. Hariri usiipige pasi moja kwa moja. Mvuke wa bafuni unatosha, au weka kitambaa kikavu juu na pasi ya uvuguvugu.

Nunua kwa macho na vidole. Tai nzuri huhitaji kwenda duka la vioo. Kwenye mitumba ya Karume utapata hariri safi kwa bei ya chakula cha mchana. Ining'inize hewani uishike kwa ncha nyembamba. Ikijisokota, iache. Angalia nyuma, kama uzi wa katikati umekatika, iache pia.

KUMFUNDISHA UNAYEMPENDA

Dada yangu, hapa ndipo penye kazi. Ukisimama mbele ya mwenzio ukajaribu kumfundisha, kulia kwako ni kushoto kwake, na ndani ya dakika tano mtagombana. Video za simu nazo nyingine zimegeuzwa kama kioo, nyingine hazijageuzwa, unajikuta unazunguka kama umefungwa wewe.

Simameni wote mbele ya kioo kimoja, kila mtu na tai yake. Fanya hatua moja, ngoja naye aifanye. Au simama nyuma yake, pitisha mikono juu ya mabega, ufunge kana kwamba ni shingo yako. Mambo mengine yatakayofuata kwa kukaa hivyo si ya makala hii.

Usimnyang'anye tai mkononi akikosea. Najua unaweza kumaliza kwa sekunde ishirini. Ukimaliza wewe, kesho atakuja tena kwako au, kama wangu, atakwenda kwa jirani. Na ya kwake ya ndani yasifike kwenye kitchen party. Kuna utani unaojenga na kuna utani unaomvua mtu nguo hadharani. Kama hujui tofauti, jiulize, ningeusema akiwa amekaa mstari wa mbele?

Kaka yangu, na wewe una sehemu yako. Kutojua si aibu, ila kumnunia mkeo wiki mbili bila kusema kisa si uanaume. Mwambie, "Ulichosema kimeniuma." Angekuwa amenisimamisha jikoni akaniambia maneno hayo mawili, tungejifunza mafundo yote manne kabla ya ule usaili. Na kama una mtoto wa kiume, wa kwako au wa ndugu asiye na baba, mwite siku moja mbele ya kioo. Usingoje siku ya mahafali.

NA ILE KAZI?

Hakuipata. Walimpa mtu mwenye uzoefu zaidi, na tai haikuhusika. Aliomba tena baadaye mahali pengine, akapata.

Lakini Jumamosi ile alikwenda kwa mzee kama alivyoitwa, na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Nilidhani wanafunga tai masaa yote hayo. Mama jirani akaniambia tai iliisha nusu saa ya kwanza, siku hizi wanacheza bao. Mzee hana mtoto wa kiume hapa mjini. Mume wangu hakuwa na baba wa kugongea mlango. Basi wamepatana.

Mwaka jana mpwa wake alimaliza kidato cha nne. Asubuhi ya mahafali kijana alikuja kwetu na tai ya shule mkononi, anaona haya, anataka kuniita mimi, "Aunti, samahani, naomba unisaidie." Kabla sijainuka, mume wangu alishatoka chumbani. Akamsimamisha mbele ya kioo, akasimama nyuma yake, akanyoosha mikono juu ya mabega ya yule kijana. Nikawasikia kutoka jikoni. Mara ya kwanza ingia kama mgeni. Mara ya mwisho toka kama mwenyeji.

Nikaendelea kukaanga maandazi yangu. Sikuingia, sikutoa ushauri, sikusema lolote.

Ule msumari bado upo nyuma ya mlango. Siku hizi una tai tatu, na ya damu ya mzee ni mojawapo. Zote zimefunguliwa.